Kuacha steroidi kwa usalama: dawa hutoka upesi, tezi huamka polepole

Prednisoloni, mojawapo ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe zinazofanya kazi kama homoni ya mwili iitwayo kotisoli), haikai sana mwilini. Kiasi kilichomo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 2 hadi 4, ini likiivunjavunja na figo zikiitoa kwa mkojo, hivyo ndani ya siku moja karibu yote imekwisha. Athari yake kwenye seli hudumu saa 12 hadi 36. Ya deksamethasoni, steroidi nyingine, huzidi saa 36. Kunywa maji kupita kiasi au dawa za "kusafisha mwili" hakusaidii chochote. Hatari ya kuacha ghafla haitokani na dawa iliyobaki. Inatokana na tezi zilizolala wakati dawa ikifanya kazi yao.

Tezi hizo ni adrenali, moja juu ya kila figo. Hutengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kulinda shinikizo la damu na sukari, na kuuwezesha mwili kuhimili maradhi. Ubongo ukiona steroidi tele kwenye damu, huacha kuziamrisha tezi, nazo husinyaa. Ukikata dawa siku moja, unabaki huna steroidi ya kidonge wala ya mwili wako. Tezi kuamka huchukua wiki au miezi, na kwa wengine hupita mwaka.

Aliyemeza steroidi kwa chini ya wiki 3 au 4 kwa kawaida anaweza kuacha bila kupunguza hatua kwa hatua, isipokuwa ugonjwa wenyewe unadai vinginevyo. Lakini dozi fupi zinazorudiwa mara kwa mara zihesabiwe pamoja. Zihesabiwe pia sindano za kwenye viungo, dawa za kuvuta za kipimo kikubwa na krimu kali zinazopakwa sehemu kubwa ya ngozi. Mwambie daktari zote.

Aliyezidisha muda huo apewe ratiba ya kupunguza, na ratiba hiyo aipange daktari anayeujua ugonjwa wake. Mfano unaotumika sana kwa prednisoloni ni huu: ukiwa juu ya miligramu 40 kwa siku, punguza 5 hadi 10 kila wiki, kati ya 40 na 20, punguza 5 kila wiki, kati ya 20 na 10, punguza 1 hadi 2.5 kila wiki 1 hadi 4. Kati ya 10 na 5, punguza 1 kila wiki 1 hadi 4, na kuanzia 5 kushuka, punguza 1 kila wiki 4. Wengi hukosea hapa mwishoni, wakidhani dozi ndogo haina neno. Mahitaji ya kawaida ya mwili ni sawa na takriban miligramu 4 hadi 6 za prednisoloni kwa siku. Ukiwa juu ya kiwango hicho, tezi hazina sababu ya kufanya kazi. Ukishuka chini yake, ndipo zinapoitwa. Tena, kutoka 40 kwenda 35 unaondoa sehemu ya nane tu, ila kutoka 5 kwenda 2.5 unaondoa nusu nzima.

Andika ratiba kwenye kalenda, ukitaja idadi ya vidonge vya kila siku. Kidonge cha miligramu 5 chenye mstari hukatwa nusu. Chenye utando wa kukilinda tumboni hakikatwi. Hatua za miligramu 1 zinahitaji vidonge vya miligramu 1, kwa hiyo viulizie mapema. Meza dozi asubuhi, pamoja na chakula, na usingoje pakiti iishe ndipo utafute nyingine.

Ukifika karibu na miligramu 5, daktari anaweza kupima kotisoli kwenye damu saa 2 au saa 3 asubuhi, angalau saa 24 tangu dozi ya mwisho. Kidonge cha siku hiyo kinywewe baada ya kutolewa damu. Kotisoli ikizidi 300 nmol/L (kizio cha wingi wake kwenye damu), kwa kawaida unaweza kuacha. Kati ya 150 na 300, endelea na dozi ndogo, kisha upimwe tena baadaye. Chini ya 150, tezi bado zimelala.

Uchovu, maumivu ya viungo na huzuni vinaweza kuwa mwili unazoea, ugonjwa unarudi, au kotisoli haitoshi. Usikisie, daktari anaweza kukurudisha hatua moja nyuma. Kutapika mfululizo, kizunguzungu ukisimama, kuchanganyikiwa au kuzimia ni dharura inayotaka sindano ya haidrokotisoni (kotisoli ya dawa), miligramu 100 kwa mtu mzima. Sema mara moja kwamba unatumia, au ulitumia, steroidi. Sema hivyohivyo kabla ya upasuaji. Homa kali huhitaji dozi kuongezwa au kurudishwa kwa muda, hata kama umeshaacha vidonge miezi kadhaa iliyopita.

Angalia pia dawa nyingine. Rifampisini (ya kifua kikuu), fenitoini na karbamazepini (za kifafa) hulifanya ini liondoe prednisoloni haraka, kwa hiyo dozi iliyokuwa ikitosha inaweza kupungukiwa ghafla. Ritonaviri (ya VVU) na itrakonazoli (ya fangasi) hufanya kinyume: hata steroidi ya kuvuta inaweza kurundikana hadi ikazilaza tezi.