Inchi ngapi zinafaa sebule yako? Anzia kwenye kochi

Watu wengi wakienda kununua TV huangalia ukuta ulivyo mpana na pesa iliyopo mfukoni. Vyote viwili vina nafasi yake, lakini huja mwisho. Ukubwa unaamuliwa na mambo mawili: macho yako mbali kiasi gani na kioo, na picha inayoingia kwenye TV ina ubora gani.

Hatua ya 1: Pima jicho hadi kioo

Mtu akae kwenye kochi linalokaliwa zaidi, aegemee kama anavyoegemea akitazama mpira. Vuta tepu kutoka usawa wa jicho lake hadi pale kioo kitakapokuwa. Usipime ukuta kwa ukuta. Sebule ya mita 4.2 haikupi mita 4.2: kochi likigusa ukuta wa nyuma, macho tayari yako sm 70 hivi mbele ya ukuta huo, na TV ikisimama katikati ya meza ya sm 40, kioo nacho kimesogea sm 25. Kilichobaki ni mita 3.25. Ukiitundika kwa breketi bapa unarudishiwa sm 15 hivi.

Hatua ya 2: Gawanya

Chukua umbali kwa sentimita. Gawa kwa 4: hizo ndizo inchi za kutazama filamu na mpira kwa raha, picha ikiwa safi. Gawa kwa 6: hizo ni inchi za mtu anayetazama zaidi chaneli za kawaida za king'amuzi. Gawa kwa 3 upate kikomo cha juu kabisa. Ukikipita, utageuza shingo kufuata mpira kutoka goli hadi goli.

Kwa mita 3.25 hesabu inatoa 81 na 54. Kwa sebule ndogo ambayo tepu imesoma mita 2.65, inatoa 66 na 44. Pengo ni kubwa, na hatua inayofuata ndiyo inayolifunga.

Hatua ya 3: Angalia kinachoingia kwenye TV

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mtu ananunua inchi 65 ya 4K (kioo chenye mistari 2160 ya picha kutoka juu hadi chini), anachomeka king'amuzi kilekile, kisha anarudi dukani kulalamika kwamba TV ya zamani ya inchi 32 ilikuwa na picha nzuri kuliko hii. TV ni nzima. Chaneli ya ubora wa kawaida ina mistari 576 tu kutoka juu hadi chini. Ukiitandaza kwenye kioo cha inchi 65, kila kasoro inakuzwa pamoja nayo: nyasi za uwanja zinakuwa uji wa kijani, namba za jezi zinafifia. Kwa mistari 576, jicho zima linaacha kuona ukungu ukikaa karibu mara tatu ya ulalo wa kioo (kona hadi kona). Kwa inchi 55 hiyo ni zaidi ya mita 4. Picha ya HD kamili, mistari 1080, kwenye inchi 55 inatosha ukikaa mita 2.2. Maana yake pia ni kwamba kwenye mita 3 huwezi kutofautisha 4K na HD kamili kwa inchi 55, muuzaji aseme asemavyo. TV kubwa siku hizi nyingi ni 4K hata hivyo, kwa hiyo usiongeze pesa kwa ajili ya neno hilo peke yake.

Kabla hujapunguza inchi, hakikisha king'amuzi chenyewe hakijafungwa mikono:

- Waya. Zile nyaya tatu za rangi, njano, nyeupe na nyekundu, hazipitishi HD hata kama king'amuzi ni cha HD. Toa, weka HDMI, waya mmoja unaopitisha picha na sauti pamoja. Kama king'amuzi hakina tundu la HDMI, basi gawa kwa 6 na usibishane na hesabu.
- Mipangilio ya king'amuzi. Vingine hubaki kwenye 576 hata baada ya kuwekewa HDMI. Ingia kwenye menyu ya picha, weka 1080. Kioo kikiwa cheusi baada ya hapo, subiri sekunde kadhaa bila kugusa rimoti. Vingi hurudi vyenyewe kwenye mpangilio wa zamani.
- Umbo la picha. Chaneli za mfumo wa 4:3, yaani picha ya karibu mraba kama ya TV za zamani, zikivutwa zijaze kioo, watangazaji wote wanakuwa na mashavu. Ukiziacha katika umbo lake, inchi 55 yako inaonyesha picha ya inchi 45 tu, na nyeusi pande mbili. Nyumba inayotazama chaneli hizo kutwa iliingize hilo kwenye hesabu.

Kama unatazama kwa intaneti, jambo ni tofauti. Netflix inapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa HD kamili, na 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa. Kwa bando la simu, hutatazama 4K. Utatazama HD, na HD inabeba inchi 65 vizuri kwenye mita 3.25.

Kwa hiyo: king'amuzi cha kawaida tu, shika kugawa kwa 6. HD na intaneti, nenda kwenye 4. Mchanganyiko, katikati. Kwa mita 2.65 mimi nasema 50 au 55, na kwa mita 3.25 nasema 65. Sipendi kabisa shauri la "nunua kubwa uwezavyo".

Hatua ya 4: Tundika kanga

Inchi za dukani ni ulalo, kona hadi kona, na ulalo haumwambii mtu kitu. Upana na kimo cha kioo ni hivi:

43: sm 95 × 54
50: sm 111 × 62
55: sm 122 × 68
65: sm 144 × 81
75: sm 166 × 93

Kipande cha kanga kina upana wa kama mita moja na nusu. Kunja chini kibaki kimo cha sm 81, bandika ukutani, na hiyo ni inchi 65. Iache jioni nzima. Kama inaziba swichi, inagusa pazia au inakula nusu ya mlango, umejua bure.

Hatua ya 5: Meza, miguu na kimo

Meza iwe pana kuliko kioo. Angalia pia miguu: TV nyingi kubwa zina miguu miwili iliyo karibu na ncha, si kitako cha katikati. Pima umbali wa miguu dukani kabla ya kulipa, maana seremala hawezi kurefusha kabati lililokwisha pigwa vanishi.

Katikati ya kioo iwe usawa wa macho ya aliyekaa, kama sm 100 hadi 110 toka sakafuni. Juu ya kabati refu ni juu mno.

Hatua ya 6: Wanaokaa pembeni

Sebule zetu makochi huzunguka kuta tatu, na mgeni huwekwa ubavuni. Vioo vingine hupauka ukivitazama kwa pembeni, na kadiri TV ilivyo kubwa ndivyo upande wa mbali unavyopauka zaidi. Dukani, sogea hadi uone kioo kwa mshazari mkali. Nyeusi ikigeuka kijivu, chagua modeli nyingine hata kama utapunguza saizi moja.

Hatua ya 7: Kuifikisha

Boksi la 65 lina urefu wa karibu sm 160. Pima mlango na kona ya ngazi. Lisafirishwe limesimama. Likilazwa kwenye kirikuu barabara ya mashimo, kioo hupasuka ndani bila boksi kuonyesha alama, kwa hiyo iwasheni mbele ya dereva kabla hajaondoka.