Jinsi ya kupima mwamba wa dhahabu wenye salfaidi kabla hujazamisha duara (shimo la kuchimbia)

Wakuu, hii ni kwa mwenye PML yake (leseni ya mchimbaji mdogo) kule Geita, Kahama au hata Chunya, ameona mwamba unatoa dhahabu juu juu halafu hana hela ya kuita mashine ya kuchoronga.

Kwanza shika hili. Juu ya usawa wa maji ya chini ya ardhi, salfaidi (madini yenye salfa) zimeshaoza zikawa kutu, dhahabu iliyokuwa ndani imebaki huru, ndo maana ukisaga jiwe na kuliosha kwenye karai inaonyesha vizuri na kila mtu anachangamka. Ukishuka kwenye maji unakuta mwamba mbichi, dhahabu nyingi inaweza kuwa bado imefungwa ndani ya pairaiti (salfaidi ya chuma, inang'aa kama dhahabu), karai inanyamaza, watu wanafunga virago wanasema mwamba umekufa. Inawezekana kweli umekufa, inawezekana haujafa kabisa, ila karai peke yake haiwezi kukwambia.

Hatua ya 1: ramani. Nenda GST (Taasisi ya Jiolojia) Dodoma utafute ramani ya jiolojia ya eneo lako, ile ya 1:100,000. Unachotafuta ni mipasuko na mipaka ya mawe. Bulyanhulu mwamba ni kwatzi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe) yenye pairaiti na kalkopairaiti (salfaidi yenye shaba), umekaa kwenye mpasuko unaofuata mpaka wa mawe ya volkano na lile jiwe jeusi lililotokana na tope. Geita kwenyewe sehemu kubwa ya dhahabu iko kwenye jiwe la chuma lenye mistari, pairaiti imechukua nafasi ya chuma cha sumaku. Kwa hiyo usihangaike na jiwe jeupe tu, kuna kwatzi nyeupe safi kama chumvi na haina kitu.

Hatua ya 2: tembea eneo lote. Hekta 10 sio kubwa. Kila unapoona kutu nyekundu-kahawia yenye vitundu vya pembe nne (hapo pairaiti ilikuwepo ikaoza), chukua pointi ya GPS. Dira ni nzuri ila ukiwa karibu na jiwe la chuma inadanganya, sindano inavutwa, bora uunganishe pointi zako kwenye karatasi uone mwamba unaelekea wapi. Kwenye mbuga nyeusi usipoteze muda kupima udongo wa juu, ule umeletwa na maji kutoka kwingine.

Hatua ya 3: mitaro, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Chimba mtaro unaokata mwamba, usiufuate kwa urefu, na usizidi kimo cha kifua maana kuta zinaporomoka. Safisha ukuta wa mtaro kwa brashi mpaka uone jiwe, kisha tandika turubai chini, chukua nyundo na patasi uchonge mfereji mmoja mwembamba ulionyooka, upana na kina vilevile mwanzo mpaka mwisho. Watu wengi wanadonoa pale penye kung'aa tu, hiyo sio sampo hiyo ni kujifurahisha. Anza kwenye jiwe la pembeni, kata mwamba wote, malizia jiwe la upande wa pili, maana mara nyingi pairaiti imeingia hadi pembeni na inabeba dhahabu. Kila jiwe linapobadilika fungua mfuko mpya, kipande kimoja kisizidi mita 1, kilo 2 au 3 zinatosha. Andika namba ndani na nje ya mfuko.

Kujua unachokiona: kwaruza kwa kisu. Dhahabu inakatika laini, pairaiti haikwaruziki na ukiisugua nyuma ya kigae inaacha unga mweusi wa kijani. Ukigonga jiwe likatoa harufu ya vitunguu saumu, hiyo ni arsenopairaiti, na usije ukaichoma kwenye moto ili "kuifungua", ule moshi una aseniki, unaua.

Hatua ya 4: maabara. Omba faya asei (kipimo cha dhahabu kwa kuyeyusha sampo kwenye tanuru). Ndani ya kila sampo 20 chomeka moja ya kurudia (sampo ileile kwa namba nyingine) na moja ya jiwe unalojua halina dhahabu, ukiona hilo jiwe limerudi na gramu ujue kuna uchafu mahali. Halafu fanya hivi: saga sampo ya mwamba mbichi, igawe mara mbili, nusu peleka kama ilivyo, nusu osha kwenye karai toa dhahabu yote inayoonekana, kisha yale marudio (unga uliobaki baada ya kuosha) nayo yapeleke. Kama marudio yamerudi na gramu nyingi karibu sawa na ile nusu ya kwanza, basi karai na zebaki havitakusaidia.

Hatua ya 5: hesabu. Tuseme mtaro umetoa mita 0.4 yenye gramu 12 kwa tani, 0.3 yenye gramu 2, na 0.5 yenye gramu 3. Zidisha kila moja kwa urefu wake, jumlisha, gawa kwa 1.2, unapata 5.75. Usitangaze ile 12 peke yake. Kama mtaro ni wa usawa na mwamba umeinama digrii 60, unene wa kweli ni mita 1.04 tu. Ukiwa na mitaro inayokubaliana kwa urefu wa mita 60, ukakisia mita 20 kushuka chini kwa kufuata mwinamo wa mwamba, kwa uzito wa tani 2.8 kila mita ya ujazo, ni tani kama 3,500, yaani kilo 20 hivi za dhahabu. Hiyo ni kwenye karatasi! Zile mita 20 za chini hujaziona bado.

Kabla hujaita mwekezaji au kujenga plant, omba maabara wakuloweshee mwamba mbichi kwenye sayanaidi (kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu) waone asilimia ngapi inatoka, na wapime shaba pia. Kalkopairaiti ikiwa nyingi shaba inakula sayanaidi yako na gharama inapanda, na hapo ni bora mwamba huo uuze kwa mwenye mtambo wa kuelea (unaotenga salfaidi kwa povu).