Nyumba ya familia kwenye jiji ghali: anza na rejesho, bei baadaye

Wengi hutafuta nyumba kwanza, hela baadaye. Geuza. Chukua kipato kinachoingia mkononi kila mwezi baada ya makato, utenge theluthi yake, na humo viingie rejesho la mkopo, bima, kodi ya jengo na ada za pamoja kama ni fleti. Posho na hela za msimu usizihesabu. Tarehe ya rejesho haingoji msimu.

Kisha jipime. Kama pango ni 40,000 na rejesho litakuwa 65,000, weka 25,000 kando kila mwezi kwa miezi sita bila kuzigusa. Ukikwama mwezi wa tatu, umejua mapema. Ukifika, una 150,000 za kuongezea malipo ya awali.

Kwenye mkopo ndiko watu wanakoumia. Kwa riba ya 12% kwa mwaka juu ya salio linalopungua, kila 1,000,000 unayokopa kwa miaka 20 inadai rejesho la 11,011 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza 10,000 ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua kwa 1,011 tu. Ukishawishiwa kurefusha hadi miaka 30, rejesho linashuka hadi 10,286. Nafuu ni 725 kwa mwezi, ila jumla utakayolipa inapanda kutoka kama 2,643,000 hadi 3,703,000. Baki na miaka 20, na ukiweza ongeza sehemu moja ya kumi na mbili juu ya kila rejesho: deni litaisha kwa miaka 15 na miezi mitatu hivi. Kabla ya kusaini, benki ikuandikie kwamba ziada inakatwa kwenye deni la msingi, na kama kuna faini ya kulipa mapema.

Riba ikiwa ya kupanda na kushuka, piga hesabu kwa 15% pia. Rejesho la kila 1,000,000 kwa miaka 20 linakuwa 13,168. Bajeti ikipasuka hapo, kopa kidogo zaidi.

Malipo ya awali yasikombe akiba yote. Wakili, mthamini, ushuru wa stempu na usajili wa hati mara nyingi hulipwa taslimu, nje ya mkopo, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika nyumba ikiwa imeshapatikana.

Nyumba ya pembezoni ina bei nafuu, lakini jumlisha nauli ya kila mtu, kwenda na kurudi, kwa mwezi mzima. Ikimeza tofauti ya rejesho, hujaokoa kitu. Afadhali nyumba ndogo iliyo karibu.

Arabuni usitoe kabla wakili wako, si wa muuzaji, hajapekua hati kwenye ofisi ya ardhi: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama. Na mkataba useme wazi kwamba arabuni inarudi kwako kama benki itakataa mkopo.