Kabla hujatuma hela ya mashine ya kusikia Dar

Ujumbe huwa mfupi: "Kaka, mama kapimwa leo Kariakoo, wanasema masikio yote mawili yamekwisha, mashine zipo, ofa mwisho Ijumaa." Wewe uko Minneapolis, ndiyo kwanza umetoka zamu ya usiku, na simu tayari iko mkononi. Ngoja kwanza. Mwambie dada apige picha vyeti vilivyotundikwa ukutani pale walipopimwa.

Mara nyingi utakuta fremu mbili: leseni ya biashara na cheti cha mlipakodi cha TRA. Ni halali kabisa, ila vinakuambia tu kwamba duka linatambulika na linalipa kodi. Aliyemvalisha mama spika za kupimia ni nani, amesomea nini, hapo hakuna jibu. Kwa afya ya masikio na usemi kuna mambo matatu ya kuulizia, na kila moja lina ofisi yake.

Kwanza mtu anayepima: yeye yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa sheria ya mwaka 2017, Baraza hilo linasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Daktari wa masikio, pua na koo lazima awe kwenye daftari lake. Kwa anayejiita mtaalamu wa usikivu au wa tiba ya usemi, omba jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, namba ya usajili, na hasa kada aliyosajiliwa. Mtu anaweza kuwa na namba halali kabisa ya kada nyingine huku anakuuzia huduma ambayo hakuisomea. Mwenye karatasi zake haoni tabu kuulizwa. Anayenuna, achana naye.

Jengo, kama ni kliniki binafsi, linatakiwa kuwa na usajili wa kituo cha afya kupitia Wizara ya Afya. Mashine yenyewe ni kifaa tiba, na vifaa tiba viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulipohamishiwa TBS, Shirika la Viwango.

Ukiambiwa "huyu kasomea Uingereza", hilo unalihakiki bila kutoka kitandani. Kule, majina ya kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha na ya mtoaji wa mashine za kusikia yanalindwa na sheria, na daftari la HCPC, baraza linalosajili kazi hizo, liko wazi mtandaoni. Jina lisipoonekana usikimbilie kumwita tapeli, kwa sababu aliyerudi nyumbani huenda aliacha kulipia. Marekani kila jimbo linatoa leseni yake, na zile herufi CCC baada ya jina ni cheti cha chama cha kitaaluma cha ASHA. Walioko Australia ndio hushangaa zaidi: kwao kazi hizi mbili hazimo kwenye daftari la serikali la AHPRA, vyama vya taaluma ndivyo vinavyozisimamia.

Sasa kipimo. Omba picha ya odiogramu. Ni grafu yenye masafa ya sauti juu, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8000, na desibeli, yaani ukubwa wa sauti, pembeni. Sikio la kulia huchorwa duara jekundu, la kushoto msalaba wa bluu. Ukitumiwa sentensi tu, "mama anasikia asilimia 40", bado hujapata kipimo. Uliza pia alipimiwa chumba gani. Penye honi za bodaboda mlangoni, hata mwenye masikio mazima atafeli. Na kabla ya kipimo, kuna aliyemchungulia masikio? Nta iliyoziba, au usaha, vinaweza kupunguza usikivu, na hapo anahitaji daktari kwanza, Muhimbili au kwingineko. Sikio lililoziba ghafla ndani ya siku moja mbili halisubiri ofa wala safari yako ya Desemba. Aende hospitali leo.

Najua wengi mnapenda kubeba mashine kwenye begi. Marekani, tangu Oktoba 2022, zipo zinazouzwa bila kupitia mtaalamu, lakini ni kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Mtoto hazimhusu. Zile za kupangwa na mtaalamu, hakikisha hazijafungwa kwa programu ya kampuni iliyouza, maana huenda Dar usipate wa kuzifungua. Betri pia: kibandiko cha rangi ya chungwa ni namba 13, cha kahawia ni 312. Dada ajue rangi ya betri za mama kabla hujaondoka.

Mtoto aliyechelewa kuongea ana suala lake. Wazazi walioko Ohio hutafuta mtaalamu wa Dar wa kumfundisha kwa video, kwa sababu anajua Kiswahili na bei ni nafuu. Nawaelewa sana, lakini Marekani leseni kwa kawaida hufuata alipo mgonjwa, hivyo huyo wa Dar atahitaji leseni ya Ohio. Ni hivyo hivyo kwa mtaalamu wenu wa Ohio mkija likizo Mbezi na kutaka kuendelea na vipindi kwa simu: mwulizeni mapema kama anaruhusiwa.

Na wewe uliyesomea fani hii nje unayefikiria kurudi, anza na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa utambuzi wa shahada yako, kisha Baraza. Ofisi za afya nilizotaja ni za Bara. Afya si suala la Muungano, kwa hiyo kama mama yuko Unguja, maswali ni hayo hayo lakini ofisi ni za Zanzibar.