Jinsi ya kuandika katuni ya shujaa inayogusa dhuluma

Hatua ya 1. Chagua dhuluma moja inayochoreka. Ubaguzi kama ubaguzi hauchoreki. Mpangaji anayetolewa vyombo nje anachoreka. Jerry Siegel na Joe Shuster, waundaji wa Superman, walilijua hili tangu 1938. Katika toleo la tatu la jarida la katuni la Action Comics, Superman anavaa kama mchimba migodi, kisha anamnasa mwenye mgodi chini ya ardhi pamoja na wageni wake wa karamu, waonje hatari wanayoishi nayo wafanyakazi.

Hatua ya 2. Pima nguvu za shujaa wako. Kama ngumi yake inamaliza tatizo lote, hapo umeandika kisa cha jambazi tu. Aweze kuzuia ukuta usianguke, lakini ashindwe kufuta mkataba uliokwisha kutiwa sahihi.

Hatua ya 3. Mwanzishe upande mbaya. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na mfano wake bora ni katuni ya Green Lantern namba 76 ya mwaka 1970, kazi ya Denny O'Neil na Neal Adams. Shujaa wake, anayelinda sayari nyingi, anamkinga bwana mmoja anayeshambuliwa mtaani, akiamini anatetea sheria. Kumbe ni mwenye nyumba anayetaka kuwatimua wapangaji wake! Ndipo mzee mmoja mweusi anamuuliza: umewasaidia watu wa buluu, wa chungwa na wa zambarau huko kwenye sayari nyingine, sisi weusi umetufanyia nini? Shujaa hana jibu. Angalia swali limetoka kwa nani: mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu. Nawe fanya vivyo hivyo.

Hatua ya 4. Gawa ukurasa katika fremu tano au sita, na jambo la kushtua liweke fremu ya mwisho ili msomaji afungue ukurasa unaofuata.

Hatua ya 5. Futa hotuba. Kiputo kinachosema "Matajiri hawawajali maskini!" kiondoe, mchore mama akifunga godoro kwa kamba huku kufuli jipya likining'inia mlangoni.

Hatua ya 6. Kabla mchoraji hajaanza, mpe hati mtu aliyewahi kufukuzwa hivyo. Akikwambia madalali hawaingii namna hiyo, badilisha fremu, hata kama ndiyo uliyoitamani kuichora.