SOMO: Kutambua silaha nzito za askari wa miguu wa Kijerumani kwenye picha za 1919–1945

Wakuu, kila wiki naulizwa "huu ni mzinga gani?" na jibu ni lilelile. Naandika mara moja.

1. Angalia magurudumu. Kama hayapo, nenda hatua ya 4.

2. Linganisha mtutu na mtu aliyesimama kando. Mdomo wa sentimita 15, mwili mzito unaopita tani moja na nusu: huyo ni sIG 33 (mzinga mzito wa askari wa miguu). Kombora lake kilo 38.

3. leIG 18 (mzinga mwepesi wa askari wa miguu) au Pak 36 (mzinga wa kupigia vifaru)? Hapa ndipo nilipoharibu. Nilishika kwamba gurudumu la mbao ni leIG na tairi la mpira ni Pak, nikaandika maelezo ya picha za maonyesho madogo, karibu nusu yakawa makosa. Pak ya mwanzo, ya 1928, ilivutwa na farasi na ilikuwa na magurudumu ya mbao. LeIG za kuvutwa na gari nazo zilipewa matairi. Gurudumu linaonyesha tu mzinga ulivutwa na nini. Tazama mtutu: wa leIG (sentimita 7.5) ni mfupi na mnene, wa Pak (3.7) ni mrefu na mwembamba. Halafu mkia (mhimili wa nyuma unaoegemea ardhini): leIG ina mmoja, Pak ina miwili inayopanuliwa.

ONYO: Pak ikiwa safarini mikia hufungwa pamoja ikaonekana mmoja. Picha ya namna hiyo amua kwa mtutu.

ONYO: "18" ya leIG si mwaka wa kusanifiwa. Kampuni ya Rheinmetall iliusanifu mzinga huo miaka ya 1920 mwishoni. Namba ilipachikwa uonekane wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza, maana mkataba wa Versailles, wa baada ya vita hiyo, ulikuwa umewabana Wajerumani kuunda silaha mpya.

4. Mota (bomba la kurusha mabomu juu): ndogo ya sentimita 5, kilo 14, ni leGrW 36. Kubwa yenye miguu miwili mbele ni GrW 34.

5. Rashasha: koti la mtutu la duara lenye matundu ya mviringo ni MG 34. La pembe pembe lenye matundu marefu ni MG 42.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, nina picha ya mzinga una matairi. Ni Pak?
— Soma hatua ya 3. Yote.

Kipanga: Usiwe mkali, nilikuwa na haraka.
— Haraka hiyohiyo ndiyo iliyoniharibia maonyesho. Mtutu ni mrefu au mfupi?

Bi Zawadi: Kwa nini askari wa miguu wapewe mizinga yao wakati kikosi cha mizinga kipo?
— Swali zuri sana, dada. Mizinga mikubwa ilikaa nyuma, ikitegemea waya wa simu ambao hukatika vita vikianza. Kwa hiyo kila rejimenti ilipewa yake: kompania ya 13 ilikuwa na leIG sita na sIG mbili, ya 14 ikawa na Pak kumi na mbili. Kamanda aliyeona kiota cha rashasha alikipiga papo hapo.

Baharia: Ule wa Fort Jesus, Mombasa, ni sIG?
— Hapana. Ule ni wa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, sentimita 10.5, iliyozamia delta ya Rufiji 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikapigana nchi kavu.

Baharia: Asante. Maandishi ya chuma yamefutika, nisomeje?
— Nenda jioni na tochi, uyamulike kutoka ubavuni. Kivuli kitaziinua herufi.