Somo: Kuhariri video ya 4K kwenye kishikwambi bila programu kujifunga

Somo hili ni kwa wapiga video wa Bagamoyo wanaorekodi harusi na ngoma, kisha wanamalizia kazi kwenye iPad badala ya kompyuta.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili yanayochanganywa kila siku. Ukikaa barazani saa nane mchana, kioo kikafifia na video ikaanza kusuasua, hilo ni joto. Apple wenyewe wanashauri iPad itumike penye nyuzi zisizozidi 35. Programu ikijifunga ghafla bila onyo lolote, mara nyingi RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ndiyo imeisha. Mfumo huipa kila programu kiwango chake, na ikikivuka inafungwa palepale. Feni haitibu ugonjwa huo wa pili.

Hatua ya 1: Jua RAM uliyonayo. Mipangilio ya iPad haiionyeshi, ila hifadhi inakudokeza. iPad Pro zenye chipu za M1 na M4 zina GB 8, isipokuwa zile za hifadhi ya TB 1 na TB 2, ambazo zina GB 16. M1 zilipotoka mwaka 2021, programu moja ilikuwa inaishia karibu GB 5 hata kwenye mashine ya GB 16. Toleo la mfumo wa iPad, iPadOS 15, ndilo lililowaruhusu watengenezaji wa programu kuomba zaidi. iPadOS 16 ikaongeza uwezo wa kuazima hadi GB 16 kutoka kwenye hifadhi, lakini si kwa kila kifaa: iPad Air 5 ya GB 64 haimo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaangalia ukubwa wa faili. Faili limebanwa, fremu ikifunguliwa haibanwi tena. Fremu moja ya 4K ni 3840 × 2160, na kila pikseli inakula baiti 4: karibu MB 33. Programu ikishika fremu 12 kwa kila tabaka la video, na una matabaka matatu, tayari ni GB 1.2. Rangi zikichakatwa kwa biti 16, zidisha mara mbili. Hujaweka hata maandishi. Kwa 1080p (1920 × 1080), hesabu yote inashuka hadi robo.

Hatua ya 3: Hariri kwa proksi, yaani nakala nyepesi zinazoshika nafasi ya faili halisi. Tengeneza nakala za 1080p za ProRes Proxy, muundo wa video wa Apple wa kuhariria. Kwa fremu 30 kwa sekunde, saa moja inachukua takriban GB 20. Ni kubwa kwenye hifadhi, ndiyo, lakini kila fremu inasimama peke yake. H.265, muundo wa kubana video unaotumiwa na kamera, ni ndogo, ila kufungua fremu moja mara nyingi kunahitaji jirani zake nazo zishikwe. Usibadili jina la faili wala idadi ya fremu kwa sekunde, la sivyo proksi hazitaungana na faili halisi. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve unaweza pia kuuweka mradi 1920 × 1080, ukaurudisha 4K siku ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika.

Hatua ya 4: Punguza picha mnato. Picha ya 6000 × 4000 ikifunguka ni MB 96. Albamu ya picha kumi mwanzoni mwa video ya harusi inakaribia GB 1! Zipunguze hadi upana wa 3840 kabla ya kuziingiza.

Hatua ya 5: Efekti nzito zichomwe mapema. Ngoma ya usiku huleta chengachenga kwenye picha, na kisafishio kizuri hulinganisha fremu kadhaa za jirani kwa wakati mmoja. Safisha klipu hiyo peke yake, itoe kwa ProRes, kisha irudishe kwenye mradi ikiwa imekamilika.

Hatua ya 6: Gawa kazi. Sherehe ya saa tatu isikae kwenye mradi mmoja. Renda vipande vya dakika 20 kwa mipangilio ileile, kisha viunganishe. Kabla ya kurenda zima na uwashe kifaa, na ubaki ndani ya programu hadi imalize.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikichomeka SSD ya nje ya TB 1, RAM itaongezeka?*

Marahaba. Haiongezeki. Kuazima kunafanyika kwenye hifadhi ya ndani tu. SSD inakusaidia kuhamisha faili ili ndani pabaki nafasi. Usiichomoe mradi ukiwa wazi.

*Kaka, yangu ni Android ya GB 6, nimeiongezea RAM pepe GB 6. Mbona bado inakwama?*

Ndugu yangu, hiyo ni hifadhi inayojifanya RAM, na kasi yake ni ndogo mno kwa fremu za 4K. Inasaidia programu za nyuma zisifungwe. Shuka hadi 1080p.

*Mimi inajifunga kwenye asilimia 63, kila mara palepale.*

Hapo una bahati, dada, kwa sababu kosa lina anwani. Video yako ni ya dakika ngapi?

*Arobaini.*

Nenda dakika ya 25. Zima efekti moja moja, renda dakika mbili za eneo hilo tu, uone.

*Nimekuta picha pana ya ufukweni, 12000 × 4000.*

Hiyo peke yake ni MB 192, na ukiivuta taratibu kuanzia kushoto kwenda kulia inabaki wazi muda wote. Ipunguze hadi upana wa 6000, itabaki MB 48. Kisha renda upya.

*Imefika 100.*